Ndege wa Jioni Aliyeimba Asubuhi

Kabla sijaanza naomba mnipe heshima kidogo, mnisikilize mpaka mwisho ndipo mcheke, kwa sababu hapa Isiolo mjini nimeshachekwa vya kutosha, hata yule mama wa chai karibu na msikiti, ambaye mimi humletea maji mpaka mlangoni, siku hizi hunipa kikombe huku amegeuzia uso ukutani na mabega yanamtetemeka. Aibu niliyoipata ina tope mpaka kifuani, ina mtandio wa maua mekundu, na haina suruali. Na mkiniuliza ilikuwaje hasa, kuna sehemu ambazo mpaka leo sizielewi vizuri, nazisimulia tu jinsi zilivyonikuta.

Mimi naitwa Guyo, na nina lori la maji. Ni lile la kijani lililoandikwa jina langu mlangoni kwa rangi nyeupe, mmeliona. Kazi yangu ni kwenda kwenye kinamasi cha upande wa Burat, kushusha bomba, kuwasha pampu, kungoja tangi lijae, halafu kuwapelekea maji wanaojenga (na siku hizi nani hajengi?). Kinamasi hicho nakijua tangu utotoni. Tulinywesha mbuzi hapo, tukaoga hapo, tukachapwa na mama zetu kwa kuoga hapo. Ungeniuliza mwaka jana kinamasi ni kitu gani ningekujibu kwamba ni maji yaliyo karibu na barabara, basi, hakuna lingine la kuongeza.

Sasa niwaambie habari za Qabale, maana bila yeye nisingekuwa nimeingia kwenye tope lolote. Qabale ni msichana niliyemposa, anafanya kazi kwenye duka la kuchapisha na kutoa fotokopi. Wazee wetu walienda kwao na buna, zile kahawa zinazokaangwa kwa samli, baba yake akapokea, akatafuna, akasema yeye hana neno. Mama yake akaulizwa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, alisema, "Mimi bado." Wazee wakaambiwa warudi Jumapili fulani kuchukua jibu, na mimi nikabaki na hiyo "bado" kooni kama mfupa wa samaki, kwa sababu kwetu baba anaweza kukubali hata akacheza, lakini mama wa msichana akitikisa kichwa, buna hiyo mtarudi nayo nyumbani.

Na siwezi kwenda kumuuliza ana shida gani na mimi. Hapa nieleze kidogo kwa wasio wa kwetu. Mama mkwe na mkwe wake hawatazamani. Ukimwona anakuja unaiacha njia, ukikosa pa kwenda unajifunika uso na kugeuka, naye anafanya vivyo hivyo, na kuhusu kuongea naye hata usifikirie. Jina lake halipiti mdomoni mwangu, ndiyo maana hapa mtamsikia kama Mama Qabale tu. (Wapo wa mjini walioacha mambo haya, unamkuta kijana na mama mkwe wake wanakula chipsi meza moja, lakini kwao Qabale wameyashikilia, na mimi niliyekuwa nangoja jibu sikuwa mtu wa kuanza kuyalegeza.) Nilichojua ni kwamba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na kwamba ni mrefu. Nilimwona siku moja tu, kwa mbali, kwenye harusi ya watu wengine, na mtandio wake wa maua mekundu, nikakimbilia nyuma kwa wapishi nikajificha huko mpaka nikapewa kisu nikate vitunguu.

Ndipo siku moja Qabale akanipa karatasi.

"Soma," akasema.

"Ni nini?"

"Soma tu. Ni ya hapa hapa kwetu."

Kulikuwa na kikundi cha wapenda kusoma pale mjini, wanaandika vitu vyao, Qabale anachapa, anatoa fotokopi, wanagawana. Hizi alizonipa ziliandikwa na mtu aliyejiita Jirani wa Maji. Nikazitupa kwenye kiti cha lori, nikaja kuzisoma wakati nangoja tangi lijae, na kusema kweli ukurasa wa kwanza sikuelewa kitu. Si kwamba Kiswahili kilikuwa kigumu. Kilikuwa chepesi kabisa, ila mtu huyu alikuwa anaeleza mahali pazuri mno ambapo asubuhi mvuke hutoka majini polepole kama sufuria iliyoanza kupata moto, kuna vyura wadogo kama punje ya mahindi, kuna matete ambayo ukitulia unayasikia yakinywa, na kuna mti mmoja wa mkoma ulioinama kama mtu anayetafuta pete aliyoiangusha, na chini yake jiwe bapa la kukalia. Nikawaza, hawa watu wa nchi nyingine wana bahati. Nikaendelea kusoma, nikafika mahali anapotaja ua wa kambi ya jeshi upande wa pili, na kalvati iliyovunjika, ile ya kupitisha maji chini ya barabara, nikainua kichwa taratibu, nikaangalia kupitia kioo cha mbele cha lori, na kalvati iliyovunjika ilikuwa pale, mbele yangu, na gurudumu langu la kushoto juu yake.

Nilishtuka kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mama yake akiwa msichana. Unamjua, halafu humjui.

Ukurasa wa pili ndio ulionimaliza. Huyo Jirani wa Maji aliandika juu ya sauti, ndege gani anaanza, nani anafuata, kuna mmoja mdogo wa kahawia ambaye sauti yake ni ya bawaba kavu ya mlango, mbili fupi na moja ndefu, halafu akaandika hivi (nimeyashika kichwani, sikutaka lakini yamekaa): "Kisha huja lori la kijani. Mashine yake hunywa kwa kelele, na wote waliokuwa wakisema hunyamaza na kuondoka. Dereva hukaa ndani na redio yake. Sijawahi kumwona akigeuza kichwa."

Nikaenda dukani kwa Qabale nikiwa nimefura.

"Huyu mtu ni nani?"

"Jirani wa Maji," akasema, anaendelea kupanga karatasi zake.

"Ni mzungu, si ni mzungu? Ama ni profesa wa Nairobi. Mtu wa hapa hawezi kukaa anahesabu vyura. Mwambie huyo mzee hana kazi. Mwambie akuje ashike hiyo pampu saa saba mchana, halafu tuone kama atageuza kichwa."

Qabale aliinama juu ya mashine ya fotokopi akacheka mpaka ikatoa karatasi nyeupe tupu moja baada ya nyingine, na mimi nikasimama pale sielewi kilichochekesha ni nini, nikacheka kidogo kwa adabu, nikaondoka.

Lakini maneno yale yaliniingia. Safari iliyofuata nilizima redio. Nikageuza kichwa kulia, nikageuza kushoto. Hakuna ndege. Hakuna chura. Maji na matete basi, na pampu inanguruma. Nikasema huyu mzee ni mwongo. Kisha ikanijia, nikiwa na bomba mkononi, kwamba bila shaka hakuna ndege, pampu si imewashwa? Wameondoka kwa sababu nimekuja. Yaani mahali ninapofika kila wiki tangu niwe mtu mzima, pale panaposemwa kwenye zile karatasi, sijawahi kufika, na kila nikifika hapapo. Nilichanganyikiwa kweli kweli. Nilipeleka maji yale kwa mtu ambaye hakuwa ameagiza, tukabishana langoni kwake muda mrefu.

Ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo. Jumamosi, siku moja kabla wazee hawajarudi kwao Qabale, na mimi usingizi umenikataa kwa mawazo, nikasema badala ya kujigeuza kitandani niende huko kwa miguu, bila lori, bila pampu, nikae kwenye lile jiwe la mzee, nione mwenyewe. Hivyo tu. Nilimtumia Qabale ujumbe njiani, "Naenda kukaa kwa jiwe ya yule mzee wako," hakujibu, nikajua bado amelala.

Jiwe nililipata kwa urahisi. Mkoma ulikuwa umeinama vile vile alivyosema. Nikafuata maagizo yote kama mtu anayepika kwa mara ya kwanza: zile karatasi zilisema uvue viatu ili miguu ijue iko wapi, nikavua, zikasema simu uiweke mbali na mkono, nikaiweka kwenye kona ya jiwe, zikasema ukae mpaka mahali pakusahau. Nikakaa. Mwanzoni niliona maji, na kwa mazoea nikaanza kukadiria ni matangi mangapi. Halafu sijui ni lini nikasahau kukadiria. Mvuke ulikuwa unatoka. Kijiti kimoja nilichokuwa nakitazama muda wote kikanyoosha shingo, kikameza kitu, kikarudi kuwa kijiti. Nikasikia matete. Wallahi yananywa. Nilijaa furaha ya ajabu, nikaona haya kuwa nayo, mtu mzima na ndevu zangu, nikaangalia nyuma nihakikishe hakuna anayeniona.

Na nyuma, kwenye kijia kimoja tu kinachofika kwenye lile jiwe, nikasikia kandambili. Kisha sauti ya mwanamke ikiwasalimu akina mama waliokuwa wanachota maji kule mbali, "Assalaam aleikum," wakamjibu, "Waaleikum salaam, mwalimu." Kisha, juu ya majani, mtandio wa maua mekundu.

Nataka mjiweke mahali pangu. Mbele maji, nyuma mama mkwe. (Hajawa mama mkwe, anangoja kesho aamue kama atakuwa, ambayo ni mbaya zaidi.) Mtu mwenye akili angejifunika uso, akageuka, akapita pembeni. Ila kijia kile ni chembamba, tungepishana bega kwa bega, na mimi kichwani mwangu nilikuwa na wazo moja tu, asinione, asinione, asinione, basi nikarudi kinyumenyume nikaingia kwenye matete.

Hatua ya kwanza maji yalifika kwenye kifundo. Ya pili sikuipata chini. Nikazama mpaka mapajani, nikajaribu kutoa mguu mmoja, wa pili ukaenda zaidi, nikatulia kiunoni. Ndipo nikaona, kati ya majani, viatu vyangu. Vimepangwa vizuri juu ya jiwe, na simu kando yake.

Alifika. Hakukaa. Aliviangalia viatu. Akasema kwa Kiborana, nawatafsiria, "Kuna mtu hapa?"

Kuongea naye siwezi. Kunyamaza kabisa pia nilishindwa, kwa sababu nilikuwa natetemeka na matete yanatetemeka na mimi. Sasa sikilizeni ujinga wangu ulipofikia. Nikaona heri adhani ni ndege. Nikakumbuka yule wa kahawia wa kwenye karatasi, bawaba kavu, mbili fupi, moja ndefu. Nikabana pua nikaimba.

Nikasikia kabisa anavyosikiliza.

"Ajabu," akasema peke yake. "Huyu huimba wakati wa magharibi."

Nikaimba tena, kumhakikishia.

"Na leo ana mafua," akasema.

Nilipojaribu mara nyingine nikazama mpaka kifuani na wimbo ukatoka mwisho wake ukiwa mayowe. Hapo Mama Qabale akaacha mambo ya ndege. Akaangalia viatu, akaangalia simu, akaangalia maji, na nikaona kwenye mabega yake anavyoelewa, maana mtu akiacha viatu na simu ukingoni alfajiri na yeye haonekani, watu wote duniani wanaelewa jambo moja tu. Akapiga kelele kuwaita wale akina mama. Akina mama wakaja na mitungi yao, mmoja akaanza kulia papo hapo. Ekiru, mchungaji wa Kiturkana ambaye ngamia wake hunywa upande ule, akaja mbio na kamba begani.

"Amejitupa," wakasema.

"Ni kijana wa nani?"

"Lakini kitu inacheza hapo ndani, mnaona?"

"Hiyo ni fisi," akasema Ekiru, akashika fimbo. "Waria," akaita, yaani wewe bwana, "kama wewe ni fisi toka, na kama wewe ni mtu ongea."

Kuongea ndicho kitu kimoja nisichoweza. Nikatoa mkono juu ya matete nikaupunga. Mama yule aliyekuwa analia akalia zaidi.

Na hapo simu yangu ikaita. Pale kwenye jiwe, kwa sauti ya juu kabisa, na picha ya Qabale imejaa kioo. Mama Qabale aliinama, akaitazama picha ya mwanawe, akapokea, na kwa kuwa mimi simu yangu naiacha kwenye spika kwa ajili ya kuendesha, sisi sote tukasikia.

"Guyo, ujumbe yako nimeona sasa hivi, toka hapo! Mama ametoka asubuhi amekuja huko, hapo ndio hukaa. Kama uko karibu jifiche asikuone."

Hata yule wa kulia alinyamaza.

"Mimi ndiye mama," akasema Mama Qabale. "Amejificha."

Akaikata simu, akaiweka juu ya viatu vyangu, na kilichofuata ndicho watu wa Isiolo wanachokisimulia zaidi, kila mtu kwa namna yake. Aligeuka. Akafunika uso kwa ncha ya mtandio, akanipa mgongo, akasimama wima kama yuko mbele ya darasa, na kwa mgongo huo akaanza kusimamia kazi ya kuniokoa.

"Ekiru, ameshikwa mpaka wapi?"

"Hapa kwa kifua, mwalimu."

"Usiingie. Tupa kamba, aipitishe chini ya makwapa. Amepitisha?"

"Bado, amejifunika macho."

"Mwambie afunue macho apitishe kamba. Mimi siangalii."

"Waria, mwalimu anasema—"

Nilisikia. Nilipitisha. Wakavuta, Ekiru na akina mama wote, na mimi nikipanda juu kidogo kidogo nikahisi kitu kinaniaga. Suruali yangu ilikuwa ya mtumba, inanipwaya, mkanda nilikuwa nimeusahau nyumbani kwa sababu ya kuwaza mambo ya ndege. Mimi nilikuja juu, suruali ikabaki. Tope lilinitema pale kwenye jiwe nikiwa na shati na chupi, mbele ya akina mama wa Burat, ambao walisema "astaghfirullah" kwa pamoja, wakageuka, na mabega yao yakaanza ule mtetemeko ambao sasa nauona kila mahali.

"Ametoka?" akauliza Mama Qabale.

"Ametoka," akasema Ekiru. "Lakini si yote."

Kisha Mama Qabale, uso akiwa ameufunika kwa kiganja, akavua mtandio wake wa maua mekundu (akabaki na kile kitambaa cha ndani cha kichwani), akaurusha nyuma bila kutazama, ukaniangukia magotini.

Nilirudi mjini nimevaa ule mtandio kiunoni. Nilipita njia za nyuma, lakini Isiolo haina njia ya nyuma ya kutosha. Kila mtu anaujua mtandio wa mwalimu, aliwafundisha nusu yao. Ilipofika adhuhuri msikitini mtu aliyekaa kando yangu aliniuliza, kwa sauti ya huruma, kama ni kweli nilitaka kujiua kwa sababu ya mama mkwe. Nikamwambia hapana, nilikuwa naangalia ndege. Akanishika mkono akasema Mungu atanisaidia.

Siku ile niliumia, sitawaficha. Kuchekwa unaweza kukuzoea. Lakini nilikuwa nimempenda Qabale na nilijua nimejiharibia kwa mikono yangu, kwamba kesho wazee wangu wataenda kupokea "hapana" mbele ya watu, na nitakayemlaumu ni mimi na yule mzungu wa vyura. Nilifua mtandio ule, nikauanika ndani chumbani jirani wasiuone, nikakaa nautazama unavyodondosha maji.

Jumapili baba mdogo Dida alirudi kutoka huko akiwa amekunja uso. Ndiye kiongozi wa wazee wetu tangu baba yangu afariki. Nikamkaribisha, nikampa maji, nikasubiri.

"Amekubali," akasema.

Sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie.

"Amekubali, nimesema. Lakini ametuma maneno, na sisi wazee hatukuelewa. Amesema ile jiwe ni yake. Utafute yako."

"Jiwe?"

"Jiwe. Tulidhani ni shamba. Mzee mmoja akauliza kama iko na title, wakacheka huko ndani. Wewe unaelewa?"

Nikasema sielewi, na ilikuwa kweli, nilikuwa na vipande vyote mkononi na bado sikuviunganisha, mpaka jioni Qabale alipokuja kuuchukua mtandio na nikamwambia habari ya jiwe, na kwamba nashangaa mama yake naye anakaa pale pale kwa yule mzee.

"Guyo," akasema, "hakuna mzee."

Nikakaa chini.

"Mama alikataza niseme. Anasema mtu akijua ni nani ameandika, anasoma yule mtu, hasomi kitu imeandikwa."

"Na lile lori. Alijua ni langu?"

"Si jina yako iko kwa mlango? Mama amekuangalia kutoka hapo kwa jiwe tangu wakati ulianza kuniuliza namba. Ni mahali gani ingine angekuangalia, na wewe ukimwona unakimbia? Usiku ule wa buna aliniuliza swali moja tu, huyu kijana akiangalia maji anaona nini. Nikakosa jibu. Ndio nikakupea karatasi."

Kwa hiyo fikirini. Mwanamke ambaye sitakiwi kusikia sauti yake, nilikuwa nimemsikia wiki nzima kwenye lori, sentensi kwa sentensi, nikagombana naye, nikamtumia salamu kwamba hana kazi (Qabale anaapa hakufikisha, simwamini), nikazima redio kwa sababu yake, nikavua viatu aliponiambia nivue. Kisha nikamwimbia. Kila nikifika hapo pa kuimba huwa nalazimika kusimama kidogo, hata nikiwa naendesha.

Qabale aliondoka na mtandio, akaniachia karatasi moja mpya, bado ina joto la mashine. Ilikuwa fupi. Mwisho wake ulisema, "Jumamosi ndege wa jioni aliimba asubuhi, tena vibaya. Sikumtazama. Viko vitu ambavyo ukivipenda unavigeuzia mgongo." Nikaisoma, nikaikunja, nikaisoma tena, na machozi yalinitoka, semeni mnachotaka.

Sasa nimeapa. Suruali bila mkanda sivai tena, na ndege yeyote mbele ya mtu anayewajua ndege simwigi hata nikilipwa. Bomba nimelihamishia upande wa chini wa kalvati, na pampu siwashi mpaka jua lipande, ndege wawe wamekula. Jiwe langu nimelipata pia, si zuri kama lake, lina pembe inayochoma, liko ng'ambo ya matete, na nikienda huko Jumamosi, viatu nimevaa, nikifika tu nakohoa kwa nguvu ili mwenye njia ajue niko wapi.

Juzi nilikohoa hivyo, nikakaa. Kijiti kikanyoosha shingo, kikameza, kikarudi kuwa kijiti. Na baada ya muda, kutoka upande wa pili wa matete, mtu naye akakohoa.